Maji Yamepimwa

Ndoo ya kwanza Mwanasaumu huivuta mwenyewe. Huiweka juu ya saruji, huiacha itulie, kisha hupiga magoti na kuinusa, na wanawake waliokwisha kupanga mitungi yao humtazama.

Asubuhi hiyo alinusa mara moja tu. Harufu ilimpanda puani kabla hajainama sawasawa, harufu ya kitambaa cha fundi wa magari, kali na yenye utamu ndani yake. Juu ya maji palikuwa na utando mwembamba uliobadilika rangi kila ndoo ilipotikisika: zambarau, kijani, dhahabu. Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akakitandaza juu ya maji, akakiinua taratibu. Utando ukatoka na kitambaa. Harufu ikabaki.

"Leo vipi, Bi Saumu?" aliuliza Kahaso, jirani yake, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Leo mabaya. Musipikie."

"Kuoshea je?"

"Nguo, labda. Mtoto usimwoshe."

Kahaso alicheka bila furaha. Velma, binti yake, alikuwa amesimama nyuma yake akijikuna kwapani. Ngozi ya mgongo na mapaja yake ilikuwa imekauka, ikapasuka, ikageuka nyekundu kama iliyomwagiwa chai ya moto. "Maji ya kununua ya mkokoteni ni ya kunywa," Kahaso alisema. "Nikimwoshea hayo, tutakunywa nini? Na mfereji wajua habari zake."

Habari za mfereji kila mtu pale mtaani Magongo alizijua. Ulikoroma, ukatema hewa, ukanyamaza kwa majuma.

Mwanasaumu aliusogeza mguu wake, akampisha. Kahaso akajaza mtungi.

Kisima hicho kilichimbwa na babu yake, Mzee Shee, wakati mteremko ule mzima ulikuwa mashamba na barabara ya Magongo ilikuwa vumbi. Alipokwisha kukijengea kuta za mawe alikitoa wakfu. Anywe apitaye, alisema, awe Mwislamu au asiwe. Asiulizwe atokako, asitozwe, asirudishwe. Maneno hayo Mwanasaumu aliyapata kwa baba yake, na baba yake alipokufa bila mtoto wa kiume, usimamizi wa kisima ukamwangukia yeye. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kubadilisha kamba, kufagia saruji, kufungua kifuniko cha bati alfajiri na kukifunga magharibi. Kumrudisha mtu hakumo katika kazi hiyo.

Hapo ndipo alipokwama. Akikifunga, amevunja wakfu. Asipokifunga, anawagawia watu sumu kwa jina la babu yake.

Juu ya mteremko, ng'ambo ya ukuta, kilikuwapo kituo cha petroli. Kilijengwa yeye akiwa mke wa watu mwenye watoto wadogo. Alikumbuka shimo kubwa lililochimbwa na matangi yaliyoteremshwa humo kwa winchi, makubwa kama vyumba, kisha yakafukiwa, watu wakasahau kwamba yako. Harufu kisimani ilikuja miaka mingi baadaye, ikaja kidogo kidogo, kwanza baada ya mvua tu, halafu mvua na kiangazi. Na mwaka huo Kahaso, akikamua nguo, alimwambia jambo alilolisikia kwa mumewe. Mume huyo, Tinga, alikuwa mhudumu wa pampu pale kituoni. Kila asubuhi hutumbukiza kijiti kirefu ndani ya matangi kuona mafuta yamebaki kiasi gani. Tangi moja, Tinga alisema, hupungua hata siku ambazo barabara imefungwa na hawakuuza kitu.

"Lakini usinitaje, Bi Saumu," Kahaso alimwambia akiwa ameinamia beseni. "Tinga ni kibarua. Hata kesho anaweza kuambiwa asirudi."

"Sitamtaja."

Alikwenda kwa kamati ya msikiti, kwa sababu wakfu uko chini ya macho ya kamati. Mwenyekiti wake, Mzee Ukasha, alimfundisha Kurani alipokuwa mtoto. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani.

"Mwanangu, wakfu haufungwi kwa pua ya mtu mmoja."

"Maji yamebadilika harufu, mwalimu. Wewe ndiwe uliyetufunza chuoni kwamba maji yakibadilika harufu hayatiwi udhu."

"Kwani nani atia udhu kwa maji ya kisima siku hizi?"

Hilo lilikuwa kweli. Juu ya paa la msikiti lilikaa tangi jeusi la plastiki, na lori la maji lililijaza kila juma. Lilikuwa sadaka ya kituo cha petroli.

"Watu wasema wataka kukifunga ili uuze kiwanja," mzee aliendelea kwa upole. "Mimi siyasemi hayo. Nakwambia yasemwayo. Lete neno la wataalamu. Wakisema kifungwe, wallahi nitakuja mimi mwenyewe na kufuli."

Basi akaenda kutafuta neno la wataalamu. Alivuka kwenda mjini, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi ya mazingira, akaambiwa aende ofisi ya maji, huko akaambiwa arudi ofisi ya mazingira. Karani mmoja alimuuliza kama ana wakili. Mwingine alimuuliza kama ana uhakika si choo cha jirani. Alirudi, akarudi tena, mpaka bawabu akawa anamwamkia kwa jina. Mwishowe afisa mmoja aliandika jina lake na jina la mtaa, akasema gari likipatikana watakuja.

Mwaka ulipita. Mtoto wa Kahaso alianza kujikuna usingizini.

*

Ilikuwa baada ya alasiri Mzee Ukasha alipobisha hodi akiwa na Anwar, meneja wa kituo. Anwar alikuwa mtu wa pale pale. Mama yake na Mwanasaumu walikaa mkeka mmoja chuoni. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumekuja kwa kheri," alisema Anwar, akavua viatu. "Nimefurahi wageni wenu wanakuja Alhamisi."

"Wageni gani?"

"Ndilo nililokuja kukwambia," alisema Mzee Ukasha. "Nimepigiwa simu mchana huu. Wapimaji waja. Umeona? Subira yako imezaa."

Mwanasaumu aliketi. "Alhamdulillahi," alisema. Aliwatengea kahawa na vipande vya halua.

"Jambo moja tu," Mzee Ukasha alisema. "Kisima hakijakombwa."

Alijua. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kisima hukombwa kuipokea Ramadhani. Maji yote huvutwa, vijana huteremka kwa kamba, tope huzolewa, kuta husuguliwa, chokaa na shabu hutiwa kuyasafisha maji. Nyumba ya Mzee Shee hupika uji wa pilipili manga kwa wanaoteremka na pilau kwa mtaa mzima. Shaabani iliyopita haikuwa hivyo. Vijana wa kuvuta kamba walikuwa wamehamia Bamburi kwenye vibarua, na yeye alikuwa na homa. Kuvu lilipanda ukutani, na mabua na makopo yalielea.

"Nimeona haya mwenyewe," alisema.

"Watu wa serikali watoke mjini," mzee alisema, "waje kwenye wakfu wa Shee bin Ali, wainamie, wakute kuvu mpaka mdomoni? Watasema sisi Wachangamwe ni watu gani? Na wakikuta uchafu wetu, watasema harufu ni ya uchafu wetu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Karani yule wa mjini alikwisha kumuuliza habari za choo.

"Wa kukikomba ni nani?" aliuliza.

"Mimi nipo, shangazi," alisema Anwar. "Nina pampu, nina vijana, nina lori la maji la kusuuzia. Hata tope tutalipakia tukalimwage jaani Mwakirunge, lisikae hapa likanuka. Wewe pika uji wako tu. Ni sadaka yetu. Mimi pia nimekunywa maji ya kisima hicho nikiwa mdogo."

Alimtazama Anwar, akaona uso wa yule mwenzake wa chuoni. Aliona haya kuwa amemshitaki mtoto wa mwenzake kwa watu wa mjini.

"Mungu akulipe," alisema.

*

Siku ya kukomba, mtaa ulirudi kuwa mtaa. Wanawake walikuja na sufuria zao. Watu ambao hawakusalimiana tangu uchaguzi walikaa mkeka mmoja wakimenya vitunguu. Mwanasaumu alikoroga uji akiwa amejifunga leso kiunoni, na mara nyingi alijikuta anatabasamu peke yake.

Pampu ilinguruma, ikanyonya, ikatema maji mtaroni. Mtaro ukang'aa rangi zote. Kijana wa kwanza aliyeteremka alipandishwa haraka, macho mekundu, miguu haimshiki. Akaketi chini akicheka ovyo.

"Huyu amelewa bila kunywa," alisema mmoja.

"Na mimi niteremsheni, basi," akasema mwingine, "pombe ya bure," na watu wakacheka.

Walipokezana, kila mmoja muda mfupi. Tope lililopanda lilikuwa jeusi na laini kama masizi yaliyochanganywa na samli. Hawakulimwaga chini ya mgomba kama zamani. Lilipakiwa kwenye lori la kituo, likafunikwa turubai, likaondoka. Mawe ya ukuta yalisuguliwa kwa brashi za waya. Chokaa ikatiwa, ikavutwa, ikatiwa tena. Mwisho lori la maji likarudi nyuma mpaka kwenye mdomo wa kisima, Tinga akiwa ameshika bomba katika sare yake ya kituo, maji yakamiminwa humo mpaka yakapanda kuliko yalivyokuwa kwa miaka.

Mwanasaumu alivuta ndoo. Alipiga magoti, akanusa. Hakusikia kitu ila chokaa. Alichota kwa kata, akaonja. Yalikuwa maji, maji matupu, kama alivyoyanywa akiwa mtoto akiegemea ukuta ule ule. Machozi yalimtoka, na Kahaso, aliyekuwa karibu, alidhani ni moshi wa kuni.

*

Mpimaji aliitwa Musyoka. Alikuja peke yake na dereva, amebeba boksi la barafu na chupa ndogo za kioo. Aliwasalimu watu wote, akakataa kiti. Mzee Ukasha alikuwapo, na Anwar, na wanawake wa foleni waliosimama mbali kidogo. Tinga alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kituo akikunja bomba lililobaki pale.

Musyoka aliinama juu ya kisima. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akapitisha kidole kwenye jiwe la ukingo, akakitazama kidole, cheupe.

"Mama, hii kisima mmeiosha?"

"Juzi, baba. Kwa ajili yenu."

Musyoka alimtazama Anwar.

"Ndiyo desturi ya hapa, bwana Musyoka," alisema Anwar. "Hawawezi kumpokea mgeni na uchafu."

"Ni desturi mzuri," alisema Musyoka. "Na ile tope mliweka wapi?"

"Jaani. Mwakirunge."

"Yote?"

"Yote," Anwar alisema. "Hatukutaka liwasumbue majirani."

Mwanasaumu aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kwani kuna ubaya?" aliuliza.

"Mimi napima maji nimekuta, mama." Musyoka aliteremsha chupa kwa uzi, akaipandisha, akaifunga, akaiweka kwenye barafu. Akafanya hivyo tena. Mikono yake ilifanya kazi vizuri, bila haraka.

"Basi rudi," alisema Mwanasaumu. "Rudi mwezi ujao, utayakuta yamerudi kuwa yale yale. Hayo unayopima si ya kisima. Ni ya lori."

"Mama, hii siku moja imetafutwa mwaka mzima. Gari ni moja kwa pwani yote."

"Na udongo je? Si mwapima udongo pia? Chimba hapo chini ya ukuta, uunuse."

"Hapo ukutani ni ndani ya ploti yao. Kuchimba, lazima wakubali."

"Tungekubali, shangazi," Anwar alisema, sauti yake ikiwa ile ile ya siku ya kahawa. "Lakini chini kuna mabomba na nyaya za umeme. Mtu akipiga sururu pale, Mungu atuepushe, Magongo yote itaruka. Na matangi yetu hupimwa. Kampuni huleta mpimaji wake kila mwaka."

"Mpimaji wenu."

"Mpimaji aliyesajiliwa."

Musyoka alifungua kalamu. "Mama, hapa imeandikwa umesema tangi zinavuja. Hiyo umejuaje? Kuna mtu wa kituo amekuambia?"

Upande wa wanawake, Kahaso aliacha kumfunga Velma leso. Ukutani, Tinga alikuwa ameinamia mdomo wa bomba, akiutazama kana kwamba kuna kitu kimekwama ndani. Anwar hakugeuka kumtazama mtu. Alisubiri jibu kwa adabu, mikono imepishana mbele ya kanzu.

Ingekuwa rahisi. Jina moja tu. Mwanasaumu alifungua kinywa, akaona mgongo wa Tinga ndani ya sare, shati limelowa jasho katikati.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni pua yangu."

"Ni harufu tu," Musyoka alisema akiandika.

Alipofunga boksi, Mwanasaumu alimsindikiza mpaka kwenye gari. Wengine walibaki nyuma. Mpimaji aliweka boksi ndani, akafuta kidole chake chenye chokaa kwenye suruali.

"Mngeniachia vile ilikuwa, mama."

"Tulijulishwa juma hili tu. Tuliona haya."

"Juma hili?" Alimtazama. "Kituo tuliwaandikia mwezi jana. Sheria inasema anayelalamikiwa ajulishwe kwanza, ajitayarishe." Alisema hivyo kama mtu anayetaja saa za kufungua ofisi, akapanda gari.

Mwanasaumu alibaki amesimama. Alikumbuka halua aliyoitenga, na sahani aliyoichagua, ile ya maua.

*

Majibu aliyasikia nyumbani, akichambua mchele. Swala ya Ijumaa ilikuwa imemalizika, na kipaza sauti cha msikiti hakikuzimwa. Sauti ya Mzee Ukasha ilipita juu ya mabati.

"Ndugu zangu, tunawaarifu kuwa maji ya kisima cha wakfu yamepimwa na wataalamu wa serikali. Hayakukutwa na kasoro. Ni salama kwa matumizi yote. Alhamdulillahi. Tunakishukuru kituo jirani, ambacho kimejitolea kutuwekea pampu na mifereji, wazee wasivute kamba tena. Na tunawasihi watu waache fitina. Fitina huharibu ujirani."

Aliendelea kuchambua. Alitoa chuya, akatoa kijiwe, akatoa chuya. Alfajiri ile ile alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo ya kwanza, na utando ulikuwa umerudi, mwembamba bado, umejikunja pembeni.

Mzee Ukasha alikuja siku ya pili, peke yake. Hakuketi.

"Kamati imeonelea upumzike, mwanangu. Usimamizi ni mzigo. Tupe ufunguo wa kifuniko."

"Uliniapia utakuja na kufuli."

"Nilisema wakisema kifungwe. Wamesema kisifungwe."

"Njoo ukainuse, mwalimu. Hatua chache tu. Njoo kabla sijakupa ufunguo."

Mzee alitazama viatu vyake vilivyokuwa nje ya kizingiti. Alionekana amechoka, na kwa kitambo Mwanasaumu alidhani atakuja.

"Nikinusa," alisema, "niseme nini? Niseme pua yangu na yako zimeishinda serikali? Nao wakiondoa lori lao, msikiti utie udhu kwa maji gani?"

Alinyosha mkono. Mwanasaumu aliufungua ufunguo kutoka kwenye pindo la leso, akauweka kwenye kiganja kilichomfundisha kushika kalamu.

Mafundi walikuja upesi kuliko gari lolote la serikali. Kisima kilifunikwa bamba la zege. Kando yake kikajengwa kibanda cha pampu kilichopakwa kijani, na mifereji mitatu ikachomoza ukutani, na juu yake ubao: MAJI SALAMA, SADAKA KWA JAMII. Hapakuwa tena na kamba, wala ndoo ya kwanza. Uso wa maji haukuonekana na mtu. Maji yaliponuka, watu walisema ni rangi mpya. Rangi ilipokauka, walisema ni mafuta ya pampu. Mwanasaumu alikwenda tena mjini. Afisa akafungua kompyuta, akamwambia kesi hiyo imefungwa, ina majibu. Anwar naye alimwandika Tinga kazi ya kudumu, mhudumu mkuu, na katika mtaa watu walisema Anwar ni mtu anayejali.

*

Mfereji wa mjini ulikatika kabisa mwezi wa joto kali. Foleni ya kisimani ilipinda ikafika barabarani, mitungi ya manjano mbele, wenyewe kwenye kivuli cha kibanda. Ndipo Mwanasaumu aliposhuka, akapita mbele ya watu wote, akasimama katikati ya mifereji na mtungi wa kwanza, mgongo wake ukiwa ukutani.

"Haya maji musichote," alisema.

Hakupaza sauti. Wa mbele walisikia, wa nyuma wakauliza kuna nini.

"Bibi, tuna watoto nyumbani," alisema mwanamke mmoja.

"Ndiyo maana nawaambia."

"Ana wivu wa pampu huyu. Kisima kilipokuwa chake mbona tulichota?"

"Mulichota, na mimi nikawapisha," Mwanasaumu alisema. "Nilikosa. Sitawapisha tena."

Kahaso alikuwa wa tatu au wa nne. Velma hakuwa naye. Mwanasaumu alimtafuta kwa macho.

"Kahaso. Waambie habari ya ngozi ya mtoto."

Kahaso alitazama ubao juu ya mifereji. Alikuwa amevaa viatu vipya. "Daktari alisema ni joto," alijibu.

"Daktari yupi?"

"Maji yamepimwa, Bi Saumu," alisema Kahaso, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Yamepimwa. Unataka nifanye nini?"

Mtu alikuwa amekwisha kupiga simu. Askari wawili walikuja kwa miguu, mmoja mnene wa makamo, mwingine kijana wa bara anayeitwa Brian, ambaye mtaa ulimjua kwa kupenda mzaha. Wakasikiliza upande mmoja, kisha wakamgeukia Mwanasaumu.

"Mathe, hii maji imepimwa na serikali," alisema Brian. "Wewe umeipima na nini?"

"Na pua."

Foleni ikacheka. Brian naye akacheka, bila ubaya. Yule mnene hakucheka. Alisema kuzuia watu kuchota maji ya wakfu ni kosa, tena kamati imelalamika, na kwamba atamwomba kwa heshima, kwa kuwa ni mzazi, aondoke mwenyewe.

"Sikatai kuondoka," alisema Mwanasaumu. "Nawafungulia. Wewe mwenyewe fungua, ujaze kiganja, unuse, kisha unishike."

Askari mnene aliutazama mfereji. Mkono wake uliinuka kidogo, ukasita, ukashuka ukamshika Mwanasaumu juu ya kiwiko. Brian akashika upande wa pili. Hawakumvuta kwa nguvu. Hapakuwa na haja, alikuwa mwepesi. Kiatu kimoja kilimtoka, kikabaki kwenye matope ya mfereji. Akatembea na kimoja mpaka walipopanda mteremko wakaifikia barabara, kisha akageuka.

Kule chini mfereji ulikuwa wazi na mtungi wa kwanza unajaa. Foleni ilikuwa inajisogeza, kila mtu na chombo chake, bila kugombana. Kahaso aliufikia ukuta. Aliusukuma mtungi wake kwa mguu, ukaingia pale pale Mwanasaumu alipokuwa amesimama, akakinga maji.